Ramani Niliyoifua

Wanga uliolowekwa katika maji vuguvugu hutoa harufu ya uji uliolala. Si harufu mbaya, na siwezi kusema ni nzuri. Mwezi uliopita, hapa nyumbani Membley, nililoweka vitambaa vyangu vya viti, vile vya kufuma ambavyo nilikuwa nimevitia wanga mwingi kupita kiasi. Harufu ile ilipopanda kutoka kwenye karai niliacha mikono ndani ya maji na kusahau nilichokuwa nikifanya. Binti yangu Sharon alinikuta hivyo. "Mathe, uko fiti?" akaniuliza. Nikamwambia niko sawa. Na kweli nilikuwa sawa. Ndiyo shida yangu, mimi huwa sawa. Nimezika, nimeachwa, nimefutwa kazi, na kila mara watu walionijia na pole zao walinikuta nikiosha vyombo.

Nataka niwasimulie hali hiyo ilivyoanza, kwa sababu nina hakika ilianza siku moja. Ilikuwa Jumamosi, nikiwa na miaka kumi, nimechuchumaa mbele ya karai la mabati huko Thika.

Tulikaa Makongeni katika nyumba za kampuni, chumba kimoja na jikoni ya kushirikiana. Baba yangu, Elisha, alikuwa karani wa ofisi ya ramani katika kampuni moja iliyokuwa na mashamba kuanzia Thika hadi karibu na Ruiru. Enzi za wazungu ilikuwa kampuni ya katani, baadaye ikawa ya kahawa, na nilipofika darasa la nne ilikuwa hasa ya kuuza ploti. Kazi ya Baba ilikuwa kutoa ramani kwenye droo ndefu, kuwapa mainjinia, kisha kuzirudisha kwenye droo zile zile. Majirani walimtania kwamba anajua njia zote za nchi hii na hana hata baiskeli. Baba alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka taratibu, mabega yakitikisika kabla sauti haijatoka.

Ramani za zamani za kampuni hazikuwa za karatasi. Zilichorwa kwenye kitambaa cha pamba chembamba mno, kilichopakwa wanga mpaka kikawa kigumu na king'avu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ukikikunjua kililia kama majani makavu ya mahindi. Na juu yake mtu fulani, miaka mingi kabla sijazaliwa, alikuwa amechora kwa wino mweusi kila kitu kilicholeta pesa: reli kutoka Nairobi na matawi yake yaliyoingia viwandani, kinu cha kahawa, ghala la maganda ya miwati ya kulainishia ngozi, bwawa la Ruiru na mfereji wake, mashine ya kuparua katani, na reli ndogo ya troli iliyobeba majani ya katani kutoka shambani.

Baba alipenda kutuonyesha. Alitandaza ramani mbili tatu juu ya kitanda, ile kongwe kwanza. "Hapa hapakuwa na mji," alisema, kidole kikiwa juu ya Thika. "Palikuwa na stesheni na mahali pa kunyweshea punda. Sasa tazama hii ya pili, unaona kinu? Tazama hii nyingine, vinu viwili na ghala." Kwa ramani chache tu ungeona viwanda vikiota kimoja kimoja kando ya mto, kama meno ya mtoto. Mimi sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila baba huwaonyesha watoto wake mahali viwanda vilipoanzia, kisha huwatuma kibiriti.

Kampuni ilipoamua kuhamisha ofisi, ramani hizo zikaonekana ni mzigo. Zilikuwa zimenakiliwa zamani kwenye karatasi, na bosi akasema za kitambaa zichomwe, au anayetaka achukue. Hapo ndipo Mama Njeri anapoingia. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mkikuyu mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na mume wake alikuwa mchoraji ramani katika ofisi ile ile ya Baba. Alipomsikia Baba akisema zitachomwa, alishika kiuno.

"Uuu, Ngai! Kuchoma? Baba Beka, hiyo si karatasi, hiyo ni nguo."

Beka ni mimi. Na ilikuwa nguo kweli. Wake za wachoraji walikuwa na siri hiyo tangu zamani. Unaloweka ramani katika maji vuguvugu, unaiacha usiku mmoja. "Wacha irare," Mama Njeri alimwambia mama yangu, "usifinye-finye, utararua." Asubuhi wanga umevimba na kuteleza, maji yamekuwa mazito. Unamwaga, unatia sabuni ya kipande, unasugua kwa viganja, unamwaga tena, na wino unaondoka na maji yale kama masizi. Kisha unatandaza juani kwenye nyasi. Jioni unaokota kitambaa laini ambacho duka lolote la Thika lingekiuza kwa watu wenye magari.

Mwaka ule watoto wa laini yetu tulivaa nchi. Usinicheke. Wino haukutoka wote kila mara, ukaacha mistari ya kijivu hafifu, na mimi nilikuwa na petikoti ambayo Mto Chania ulipita kwenye paja langu la kulia. Njeri alikuwa na mfuko wa mto wenye nusu ya kinu cha kahawa. Mchungaji wetu alipangusa jasho madhabahuni kwa leso iliyokuwa na kipande cha reli pembeni, na sisi watoto tulikuwa tukimsubiri aitoe mfukoni ili tuone treni ilikoelekea.

Kwetu ramani zilikaa mahali pawili. Za kufuliwa Baba alizisukuma chini ya kitanda. Na moja, moja tu, aliifunga kwa gazeti akaiweka juu ya kabati, na amri ikatolewa kwamba hiyo haiguswi. Ilikuwa ramani ya shamba la katani la zamani, lililokuwa kati ya Kalimoni na Ruiru. Naikumbuka kwa sababu ya mshale wake wa kuonyesha kaskazini: aliyeichora alikuwa ameuotesha mshale huo kutoka katikati ya mche wa mkonge, majani na miiba yake yote, kana kwamba siku hiyo alikuwa na nafasi.

Sasa inabidi niwaambie kuhusu Nyanya Ayuma.

Sisi ni watu wa Vihiga, mbali huko magharibi. Babu yangu alikuja huku ujana wake kukata katani, akamleta mke wake wa kwanza, Ayuma, na wa pili akabaki nyumbani kulima. Ayuma alichelewa kupata mtoto. Alimpata mmoja, Baba yangu, akamzaa hapo hapo shambani katika nyumba za wafanyakazi, na Baba alipokuwa na miaka mitano, Ayuma akafa kwa homa. Hapakuwa na njia ya kumsafirisha. Alizikwa siku ile ile aliyokufa. Babu akamrudisha mtoto Vihiga, akaendelea na maisha yake na mke aliyebaki, na hakuwahi kurudi. Baba alipokuwa kijana na kuja kutafuta kazi Thika, nyumba zile zilikuwa zimebomolewa, katani imeng'olewa, na mahali pote pamepandwa kahawa. Alichobaki nacho ni kumbukumbu ya mtoto wa miaka mitano: nyumba yetu ilikuwa ya saba, reli ya troli ilipita nyuma yake, na walimchimbia Mama ng'ambo ya reli, upande wa kushoto. Kushoto ukiwa umetazama wapi, hakujua.

Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu asiyelala nyumbani hajafika. Babu alipokufa alizikwa bomani kwake, na kando yake pakaachwa nafasi ya mke wa kwanza, tupu. Mwaka huo wa ramani, barua ilikuja kutoka kwa Baba Mkubwa Shem, kaka yake Baba kwa mama mwingine, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kunyooka. Mama yake alikuwa mgonjwa sana. Shem aliandika kwamba wazee wamekubali: ikiwa Elisha ataleta udongo wa kaburi la mama yake kabla ya Krismasi, udongo huo utazikwa kando ya babu na nafasi itakuwa ya Ayuma. Asipouleta, kwenye nafasi hiyo atalazwa mama yake Shem. Lakini udongo uwe wa kaburi, si wa barabarani. Na kwa kuwa Baba alikuwa ameshawaandikia kwa furaha kwamba amepata ramani ya shamba lile lile, Shem alimalizia hivi: uje nayo tuione.

Mama alitusomea barua hiyo mara mbili. Baba alikuwa ameketi akivua soksi. Nilielewa tu kwamba bila kaburi Baba angekuwa, katika boma la baba yake, mtoto asiye na mama.

Basi kila jioni akitoka kazini alishusha ramani kutoka juu ya kabati. Aliitandaza juu ya meza, akabana pembe zake kwa vikombe, akainama na kioo cha kukuzia alichoazima ofisini na penseli nyekundu. Tulikula chakula sakafuni ili asisumbuliwe. Wakati mwingine nilisimama nyuma yake nikimwangalia akihesabu nyumba kwa ncha ya penseli, akitia alama ndogo, akiifuta kwa kidole kilicholoweshwa mate. Aliendelea hivyo wiki mbili. Alinuka wino na sabuni ya kufulia, na mara kadhaa nilimsikia akitoa pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. Sikumuuliza lolote.

Jumamosi hiyo Mama aliniambia nifue zilizokuwa chini ya kitanda, kwa kuwa Mama Njeri alikuwa ameazima cherehani na ilitakiwa kurudishwa Jumatatu. Zilikuwa zimelowekwa tangu usiku. Nne, zimekunjwa pamoja. Niliketi uani kwenye jua, nikaingiza mikono ndani ya ule uteute wa baridi na kuanza. Ya kwanza, ya pili. Ya tatu nilipoifungua niliona doa jekundu likiyeyuka kando ya kidole gumba changu. Nikadhani nimejikata. Nikatazama vizuri, nikaona alama nyingine ndogo nyekundu, na nyingine, zote zikivuja rangi kama wino wa daftari lililonyeshewa. Na kwenye pembe, majani ya mkonge na mshale ukitoka katikati yake, tayari umefifia.

Wanga ulikuwa umeshaisha. Kitambaa kilikuwa laini mkononi mwangu kama leso. Ningefanya nini? Nitawaambia nilichofanya, na ndicho ambacho nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii: nilitia sabuni nikaendelea kufua. Sikulia wala sikumwita Mama. Nilisugua, nikamwaga, nikasugua tena, nikaitandaza kwenye nyasi pamoja na zile nyingine, kingo zimenyooka. Kitu fulani ndani ya kifua kilizimika, kimya kimya, kama mtu anavyozima redio ya jirani yake aliyelala.

Baba alirudi alasiri. Alipita uani, akasimama juu ya zile nguo nne nyeupe, akainama na kushika upindo wa moja. Alikuwa ameshika ile ile. Nilimtazama nikiwa mlangoni. Nilingoja kofi, na nadhani nililitaka, kwa sababu kofi lingekuwa kitu cha kuhisi.

"Imetakata," akasema.

Akaingia ndani kula. Hatukuzungumza juu yake siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Mama aliikata vipande, akashona leso sita za Baba na shuka ya mtoto wa Mama Njeri aliyekuwa njiani.

Desemba ilipofika, Baba alinichukua Jumapili moja baada ya kanisa. Tulishuka karibu na Kalimoni tukatembea katikati ya mikahawa hadi kwenye ua wa waya wa kiwanda kipya. Hakuwa na kitu mkononi ila kijiko cha jikoni na mkebe mtupu wa majarini. Alitembea mbele, akageuka, akarudi kidogo, akatazama jua. Mahali pale palifanana na pengine pote: majani makavu, siafu, karatasi ya biskuti. Kisha akapiga magoti, na suruali yake ya kanisa, akaanza kuchimba kwa kijiko. Niliujua uongo ule. Nilijua anachimba popote tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimeifua ramani ambayo ingemwonyesha. Nilimshikia mkebe. Udongo ulikuwa mwekundu na wenye joto, na nilihisi uzito wake, lakini sikuhisi kitu kingine.

Vihiga tulipokewa vizuri. Wazee waliketi kwenye viti vya shule mbele ya nyumba, na Baba akaweka mkebe juu ya meza, umefungwa kwa leso. Baba Mkubwa Shem alivaa miwani yake. Aliutazama mkebe, akamtazama Baba.

"Na ramani?"

Baba alinigeukia. Si kwa ukali. Alinigeukia tu, akaweka mkono wake kichwani mwangu.

"Mtoto aliifua," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshaiona. Kaburi limechorwa, na msalaba wake. Ng'ambo ya reli ya troli, kushoto."

Kisha mzee mmoja akaanza kucheka, na mwingine, na wanawake jikoni wakaulizana ni nini, wakaambiwa, wakacheka mpaka wakajipigapiga mapaja. Mtoto wa Nairobi ameifua ramani! Kwao Thika na Nairobi vilikuwa kitu kimoja. Hata Shem alitabasamu, akavua miwani, akaipangusa. Nani angeweza kubishana na karai la maji? Udongo ulizikwa alasiri hiyo kando ya babu, kwa wimbo na kwa maombi marefu, na Baba alilia kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukiona kabla wala baadaye. Mimi nilisimama na petikoti yangu ya Chania ndani ya gauni. Nilifikiri: analia kwa sababu anajua aliyemo si mama yake. Analia kwa sababu yangu.

Tangu hapo nikapata jina. Kila nikienda Vihiga, hata nilipokuwa mke wa mtu, kuna shangazi angenikumbatia na kusema, "Huyu ndiye aliyemfua nyanya yake!" na wote tungecheka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilijifunza kucheka mapema. Nyumbani nilikuwa mtoto asiyegusa kitu cha mtu. Nilisoma kila karatasi mara tatu kabla ya kuitupa. Baba alikuwa mpole kwangu kupita ndugu zangu, na upole wake uliniumiza kuliko kitu kingine chochote; niliuona kuwa ni msamaha, na kila siku alikuwa akiutoa upya. Alisema uongo mbele ya wazee wake ili kunifunika. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Alipokufa miaka minane iliyopita niliwapikia waombolezaji siku tatu mfululizo na sikutoa chozi, na nilisikia mtu akisema nina moyo wa jiwe. Sikukasirika. Nilidhani pengine ni kweli.

Sasa, siku chache baada ya vile vitambaa vya viti, Sharon alirudi kutoka chuo na mkoba wake wa kompyuta na bomba refu la plastiki. Anasomea mipango miji, na walikuwa wamepewa kazi ya kuonyesha jinsi viwanda vilivyoanza kati ya Thika na Ruiru, kwa kutumia ramani za kale zilizohifadhiwa na kupigwa picha. Alitoa nakala kutoka kwenye bomba, akaitandaza juu ya meza ya chakula, akabana pembe kwa simu yake na chupa ya tomato.

"Mathe, kuja ucheki hii. Hizi ndo zilikuwa factory za kwanza huku kwetu. Yaani hapa Kalimoni kulikuwa na kareli kao, si ni noma?"

Nilikuja nikifuta mikono. Kitu cha kwanza nilichoona ni mche wa mkonge kwenye pembe, majani na miiba yake yote, na mshale ukitoka katikati yake.

Niliketi. Sharon aliendelea kunieleza, na alieleza vizuri, kama babu yake: mashine ya kuparua katani ilihitaji maji mengi, ndiyo maana iko karibu na mto, reli kubwa iliwekewa tawi, baada ya tawi likaja ghala, baada ya ghala karakana, na mji ukafuata nyuma. Mimi nilikuwa nikiitafuta reli ya troli. Nikaipata. Nikazipata nyumba za wafanyakazi, vijiboksi vidogo vilivyolingana, na juu yao neno moja la kuonyesha kuwa ni za wafanyakazi. Nilihesabu hadi saba kwa ukucha. Kisha nikavuka reli, kushoto, halafu kulia kwa kuwa sikujua kushoto ni kupi, halafu kila upande.

Hapakuwa na msalaba. Hapakuwa na kaburi hata moja katika ramani nzima. Palikuwa na zizi la punda, na namba ya punda wanaoweza kulala humo. Palikuwa na josho la ng'ombe, kisima cha meneja, uwanja wa tenisi na miti iliyouzunguka, mti mmoja mmoja. Ng'ambo ya reli palikuwa na nafasi nyeupe isiyo na neno.

"Sharon," nikasema, "hii ni yote? Hawajakata mahali?"

"Ni yote, Mathe. Iko complete. Si unaona mstari wa pembeni umezunguka?"

Asubuhi yake niliazima ile nakala nikaenda kwa Mama. Anaishi Kalimoni, kwenye robo ekari waliyonunua na Baba, ana kuku na migomba na magoti mabovu. Nilimwekea ramani mapajani. Hakuvaa miwani. Aliigusa ile pembe ya mkonge, akaacha kidole chake hapo kwa muda.

"Mama, nani aliiweka chini ya kitanda?"

Hakujifanya kwamba haelewi.

"Baba yako," akasema. "Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa ameangalia hiyo kitambaa mpaka macho ikaanza kutoa maji. Akaniambia, Mama Beka, punda wako hapa. Mamangu hayuko. Alikaa, akakaa. Halafu akaitoa kwa meza akaweka na zile zingine, akazimwagia maji mwenyewe ziloweke. Akasema, kesho mwambie Beka afue, na afue vizuri. Shem ni mwalimu, akiiona atajua."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mtoto. Mtu mzima akipoteza kitu kama hiyo anaulizwa. Mtoto akikosa, watu wanacheka, inaisha."

"Haikuisha, Mama."

Alinitazama. Nadhani alitaka kunishika mkono, lakini sisi si watu wa kushikana mikono. Akainuka kwa shida, akaenda kunitilia chai.

Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki, kuku wakipita kati ya miguu yangu, nikijaribu kuyapanga upya maisha yangu yote na nikishindwa. Hakuna udongo wa kweli niliompotezea mtu. Ramani ile haikuwa na cha kumwonyesha, na Baba aliujua ukweli huo kabla ya kidole changu kugusa maji. Neno lile alilolisema uani, akiwa ameshika upindo, halikuwa msamaha. Alikuwa akikagua kazi. Alihitaji ramani iwe nyeupe kabisa ili yeye aweze kuchora juu yake kaburi na msalaba, mbele ya wazee, kwa maneno. Na alihitaji mtu wa kuchekwa ili asiwepo wa kuuliza. Miaka yote nilidhani Baba alidanganya ili kunifunika mimi. Kumbe ni mimi niliyemfunika yeye, nikiwa na miaka kumi na sabuni ya kipande mkononi, na Nyanya Ayuma analala kando ya mume wake kwa sababu hiyo.

Nilimkasirikia. Nawaambia wazi, nilimkasirikia kwa hasira ambayo sikujua ninayo, hadi chai ikamwagika kwenye sketi. Mama alinipa kitambaa nijipanguse, akasimama kando yangu, na ndipo nilipoanza kulia, kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua, ambaye hawakumwandika ingawa waliandika hata punda, na kwa ajili ya Baba aliyeinama juu ya meza ile akimtafuta, na mwishowe, nikiwa karibu kuchoka, kwa ajili ya yule msichana uani. Baba angeniita tu kando siku hiyo. Angeninong'oneza. Ningeifua vilevile.